Nyota Tano za Robo Saa

Siku hiyo nilipanda pikipiki vibaya. Sketi ilinasa kwenye chuma cha kuwekea mguu, nikasikia uzi ukikatika, na pindo likafumuka nusu nzima likawa linaburuta chini. Nilikuwa Kimisagara, nimetoka kumjulia hali mwalimu mwenzangu aliyekuwa mgonjwa, na kabla ya saa kuisha nilitakiwa niwe Kiyovu kwenye kikao cha kupitia vitabu vya darasa la nne. Dereva alinitazama kwa huruma.

"Mama, pole. Fundi iko hapo chini. Nenda akushonee, mimi nakungoja."

Wale wanaoijua Kimisagara wanajua kwamba ukiambiwa fundi yuko hapo chini, wako kumi. Kuna wachomeleaji, kuna washona viatu, kuna vyerehani vimepangwa barazani mlango hata mlango. Mimi sikuchagua. Nilikwenda kwa mtu wa kwanza aliyeinua uso, mama wa makamo ya kuitwa bibi, kajitanda mtandio wa kijivu, mbele ya cherehani cha kukanyaga kwa miguu. Kwa sababu alikuwa amejitanda, na kwa sababu Waislamu wa hapa mjini mara nyingi wana Kiswahili cha nyumbani kwao, nilijaribu neno ambalo sikuwa nimelitumia kwa muda mrefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za utokako? Watoto hawajambo? Karibu, karibu ukae, usisimame na jua."

Inanibidi nieleze kidogo hapa, la sivyo msomaji ataniona mjinga kuliko nilivyokuwa. Mimi ni Mnyarwanda niliyezaliwa na kukulia Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Nilirudi nikiwa msichana mkubwa, na nimeshazeekea hapa Kigali. Kinyarwanda ninakisema nyumbani, sokoni na kanisani, wala sina mgogoro nacho. Kiswahili nacho kipo mjini tele: cha Wakongo, cha waliotoka Uganda, cha vijana wanaokichanganya na kila kitu. Lakini mtu kukupokea shikamoo yako kwa mikono miwili, akakuuliza ya utokako, halafu akasubiri jibu kweli, hiyo kwangu ni sauti ya mama yangu akiwa mlangoni. Nilikaa kwenye benchi lake nikiwa tayari nimeshatekwa.

Alinipa kanga ya kujifunga, nikaivua sketi nyuma ya pazia. Akalishona pindo huku tukiongea. Babu yake alikuja na biashara ya nguo kutoka mwambao, akaoa huku, wakabaki. Mimi nikamweleza habari za Karagwe. Alicheka nilipomwambia kwamba wanafunzi wangu wakiambiwa shikamoo hudhani ni jina la mtu. Yote hayo, pamoja na pindo, yalichukua robo saa. Dereva alikuwa bado ananingoja.

Nilifika Kiyovu mapema kuliko wenzangu. Nikiwa nimekaa kwenye kiti cha hoteli ya kikao, kizuri mno kwa mwalimu, simu ikalia. Kumbe ile ramani ya simu ilikuwa imeniona nilikopita. Iliniuliza nimepaonaje mahali pale, ikaniwekea nyota tano tupu mbele yangu nizijaze. Baadaye nilikuja kujua kwamba mpwa wake fundi ndiye aliyekiweka kibanda chake kwenye ramani, akaandika "Fundi nguo", basi, akasahau. Hapakuwa na neno lolote la mtu. Nikaona huruma. Mimi ni mtu wa kutia moyo, mtoto akiandika mstari mmoja ulionyooka, mimi humwandikia "Vizuri sana!" kwa kalamu nyekundu. Nikazijaza nyota zote tano, nikaandika, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda:

"Fundi bora kabisa Kigali. Mkarimu, mwaminifu, hachelewi. Anashona kila kitu. Nendeni bila wasiwasi."

Nikaingia kikaoni nikiwa nimeridhika, kama mtu aliyelipa fadhila.

Sasa tazama nilichokuwa nakijua. Nilijua anaweza kushona pindo. Nilijua ana salamu nzuri. "Mwaminifu" nililitoa wapi? "Hachelewi" nililipima kwa pindo moja. Na "kila kitu" sijui lilitoka wapi, nadhani lilitoka Karagwe. Mwalimu kijana akija kuniambia amempa mtoto alama mia kwa sababu ameitikia salamu vizuri, ningemkalisha chini na kumweleza taratibu kwa nini hilo ni kosa. Lakini mimi hakuna aliyenikalisha chini.

Ikapita kama miezi miwili. Sikurudi Kimisagara, mwenzangu alipona, na kutoka kwetu Gahanga mpaka kule ni mbali. Jumatatu moja mchana jirani yangu akaingia uani kwangu bila kubisha hodi, mfuko wa karatasi wa dukani mkononi, uso umejaa hasira.

Huyu jirani tulijenga mwaka mmoja, kiwanja kwa kiwanja, wakati Gahanga bado ni mashamba ya mihogo. Yeye alilelewa Uganda. Kiswahili chake ni cha kujitafutia, na anakitumia kwangu tu, tena anapokuwa na hasira, kwa sababu anasema Kinyarwanda kina adabu nyingi mno kwa kazi hiyo.

"Mwarimu! Ile fundi yako!"

"Fundi yangu yupi?"

"Ile ya Kimisagara. Wewe ndio uliandika, jina yako iko pale na picha yako unacheka. Fundi bora kabisa! Nendeni bila wasiwasi! Mimi nikaenda. Bila wasiwasi." Akautoa mfuko. "Ona sasa wasiwasi."

Ndani mlikuwa na kitambaa cha rangi ya zambarau mbivu, laini, kinachoteleza mkononi. Jumamosi iliyokuwa inakuja binti yake wa kwanza alikuwa aposwe, na mama mtu, pamoja na dada zake wawili, walikuwa wavae umushanana wa rangi moja, sketi ya kujifunga na ule mtandio unaofungwa begani. Mtandio na sketi havina taabu, ni kitambaa kukunjwa tu pembeni. Kazi iko kwenye blauzi ya ndani. Blauzi ile ilikuwa imekatwa ndogo, ndogo kabisa, ya kumtosha binti labda, si mama. Kitambaa kilikuwa kimenunuliwa mwisho wa jora. Hapakuwa na kingine.

"Alikupima?" nikauliza.

"Alipima. Mkono wake ilikuwa inatetemeka kidogo, nikasema ni uzee, hapana shida, mwarimu amesema bora kabisa."

"Ukakaa naye muda gani?"

"Kukaa ya nini? Dakika kumi. Nikaacha kitambaa nikaenda."

Alishaitoa simu. Alinionyesha. Chini ya maneno yangu kulikuwa na mtu mwingine, aliyeweka nyota tano na maneno mawili tu: "Ni kweli." Na wa tatu, nyota tano, bila neno. Mimi nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi na ninaijua sura ya mtoto anayenakili kwa jirani yake.

"Na mimi naandika," jirani akasema. "Nyota moja. Kama ingekuwa na nusu ningeweka nusu. Naandika: mwizi wa kitambaa. Watu wasipotee kama mimi."

Nilimwona fundi kwa mawazo, barazani kwake. Mafundi kumi wamepangwa mlango hata mlango, na mteja mgeni anayeshuka pale akiwa na simu mkononi. Neno "mwizi" likikaa kwenye ramani halifutiki kwa kucheka na kusalimiana. Lingekaa pale pale juu ya baraza lake, yeye asilione, maana simu yake ni ile ndogo ya vitufe. Angeona tu wateja wanapita mbele yake kwenda kwa mwingine, bila kujua kwa nini. Mtu yule aliishi kwa jina lake. Na niliyelipandisha mpaka likawa na mahali pa kuangukia ni mimi.

"Nipe mpaka Alhamisi," nikamwambia.

"Alhamisi ya nini? Sherehe ni Jumamosi!"

"Ndiyo maana. Nipe mpaka Alhamisi, halafu uandike utakalo. Sitakuzuia."

"Disi, mwarimu," akasema, kwa ile sauti ambayo Wanyarwanda huitumia mtu akitia huruma. "Wewe unapenda sana watu." Haikuwa sifa. Lakini aliniachia mfuko.

Kesho yake asubuhi nilikwenda. Fundi alinikumbuka.

"Mama wa pindo! Wa Karagwe! Karibu."

Kisha akauona mfuko nilioushika, na uso ukabadilika. Akaufungua mwenyewe, akaitandaza blauzi mapajani, akailainisha kwa kiganja kama anayempapasa mtoto mwenye homa.

"Ni ndugu yako yule mama?"

"Ni jirani."

"Nimemkosea sana."

Akanieleza, kazi ikiwa imesimama. Mume wake ndiye aliyekuwa mkataji. Katika kazi yao, akaniambia, kukata na kushona ni watu wawili. Wapo wanaoviweza vyote, lakini wao walikuwa wamegawana tangu walipooana: yeye mume anakata, yeye mke anaunga. Mume alipofariki, mikasi mikubwa aliifunga kwenye kitambaa akaiweka juu ya kabati, akabaki na kazi ya marekebisho. Zipu, pindo, viraka, kupunguza, kuongeza. Baraza zima linajua. Mtu akija na kitambaa kipya humwelekeza mlango wa tatu, kwa fundi kijana mwenye mkono mwepesi, na kijana naye humletea wenye nguo zilizochanika. Mambo yalikuwa yanakwenda hivyo, kila mtu na riziki yake.

"Halafu mwezi wa juzi wakaanza kuja watu nisiowajua, na vitambaa vipya. Watu wa magari. Nawaambia, mimi sikati. Wananiambia, hapana bibi, umesifiwa. Nauliza, nimesifiwa na nani? Wananiambia, na simu." Akacheka kidogo, akaacha. "Wa kwanza nikampeleka mlango wa tatu. Wa pili pia. Huyu mama alikuja na furaha ya binti yake, akaniambia, nimesoma kwamba unashona kila kitu, huchelewi, mwaminifu. Akayasema yote kama anasoma dua. Nikaona haya."

"Haya ya nini? Ungemwambia tu huwezi."

"Mwanangu, kuna mtu kanisema vizuri. Simjui, hanidai, hakuniomba kitu. Kakaa mahali akaniombea riziki. Halafu mimi nimwambie huyu mama kwamba yule mtu ni mwongo? Nimwaibishe mtu aliyenipa heshima?" Akatikisa kichwa. "Nikasema, Mungu atanisaidia. Nikaishusha mikasi."

Kitambaa cha watu kilikuwa kimekatwa ili mimi nisionekane mwongo.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Niliyeandika. Kwenye simu. Ni mimi."

Akanitazama, akaitazama sketi yangu, akanitazama tena.

"Kwa ajili ya pindo?"

"Kwa ajili ya pindo."

"Na ulijuaje kama naweza kila kitu?"

"Sikujua. Ulinisalimia vizuri."

Aliangua kicheko mpaka mshona viatu wa ng'ambo akageuka. Alicheka akifuta macho kwa ncha ya mtandio, na mimi nikacheka kwa aibu, mpaka sikujua tena machozi yale yalikuwa ya kicheko au ya kilio.

"Ewe mwanangu! Salamu haina kifua wala kiuno! Salamu utaipima wapi?"

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Ulinipenda haraka tu. Wengine hawanipendi hata polepole." Kisha akaivuta blauzi karibu na macho, akaigeuza ndani nje, na nikaona mtu mwingine kabisa. Mkono ule uliotetemeka na mkasi haukutetemeka tena. Alikuwa anasoma nguo. "Sikiliza. Kukata sijui. Lakini iliyoharibika naijua. Hii inataka taharizi mbili."

Aliniona sijaelewa, akanifundisha, na mimi nilifurahi kuwa mwanafunzi. Taharizi ni kipande kirefu kinachounganishwa ubavuni, kama kwenye kanzu, ili nguo ipate upana. Kitambaa kingepatikana kwenye sketi yenyewe: sketi ya kujifunga ina ubavu mmoja unaoingia ndani, unaofunikwa na mwingine, ambao hauonekani hata upepo ukivuma. Angepunguza pale, aongeze hapa.

"Lakini mwenyewe aje," akasema. "Safari hii simpimi kwa dakika kumi. Akae nami mpaka nimalize, nimvike, nimvue, nimvike tena."

Kumleta jirani ndiyo ilikuwa kazi. "Nirudi kule? Anikate na mkono sasa?" Nilimweleza yote, habari ya mume, ya mikasi, ya mlango wa tatu. Nilipofika pale fundi aliposema hakutaka kumwaibisha mtu aliyemsifu, jirani aliokota kijiti chini, akakivunjavunja.

"Kwa hiyo kosa ni yako," akasema mwishowe.

"Kosa ni langu."

"Na yake pia iko. Angesema hapana."

"Na lake lipo."

"Na mimi pia ningekaa kidogo, nimuulize." Hilo alilisema kwa Kinyarwanda, taratibu, kwa hiyo nilijua amelimaanisha.

Alhamisi tulikuwa Kimisagara kabla mafundi wengine hawajamaliza kufagia. Fundi alisimama alipomwona. Hakungoja.

"Mama, nilikukosea. Mimi sikati, na nilijua sikati, nikakata. Nisamehe kwanza, ndipo nikuguse."

Jirani hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alikuwa amekuja na maneno yake, akayaacha. "Ihangane na wewe," akasema, yaani pole nawe, vumilia. Akajikalisha kwenye benchi akiwa na mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri daktari.

Saa moja ya kwanza ilikuwa ya kazi tu. Fundi alipima, akaandika kwa chaki, akapima tena. Ile sketi alipoifungua ili apunguze ule ubavu wa ndani, akamwita kijana wa mlango wa tatu aje akate, yeye akimwelekeza kwa kidole. Jirani aliliona hilo. Baadaye wakaanza mazungumzo, kidogo kidogo, nusu Kiswahili nusu Kinyarwanda, kuhusu mabinti, na namna nyumba inavyokuwa kubwa ghafla wakishaolewa. Fundi alikuwa ameoza watatu. Jirani akauliza kama analia bado. Fundi akasema anawalilia wakwe.

Kabla ya adhuhuri akamvika. Blauzi ilimkaa. Ilimkaa vizuri, bila kubana, na taharizi zile mbili zilianguka mbavuni kimya kabisa.

"Usiinue mikono tu," fundi akasema, "hautaonekana mshono."

Jirani akageuka polepole.

"Nisiinue mikono?"

"Ndiyo."

"Bibi. Mimi ni mama wa binti. Wataimba. Mimi nitacheza."

Nami nikaona tatizo. Nani asiyejua ngoma yetu? Mikono inapanda juu, inapinda kama pembe za ng'ombe, na mwili wote unaifuata. Mama wa bibi harusi hawezi kucheza mikono ikiwa imening'inia ubavuni kama mlinzi wa benki. Jirani akainua mikono pale pale, na kweli, kwapani, mshono ukatokea na mpaka wake wote, mtu wa mbali angeuona.

Fundi alimzunguka mara mbili. Kisha akamwambia, "Icheze hivyo hivyo. Nionyeshe inavyopanda."

"Hapa? Kwenye watu?"

"Nitajuaje itakavyoonekana?"

Basi jirani yangu, aliyekuja kuandika mwizi, akacheza barazani Kimisagara asubuhi ya Alhamisi, bila ngoma. Mshona viatu akaanza kupiga makofi. Mchomeleaji akazima mashine, akavua miwani yake ya giza, akaimba ule wimbo wa sherehe wa kusifu ng'ombe kwa sauti nzito isiyotarajiwa. Jirani akakolea. Aliikunja mikono, akaizungusha, akasahau kwamba anajaribu nguo. Na fundi alikuwa ameinama chini yake, chaki mkononi, akifuata ule mstari ubavuni kila mikono ilipopanda, anatia alama, anatia alama.

Hakuuficha mshono. Aliutia nakshi. Alichukua uzi wa rangi ile ile, uliokoza kidogo, akashona mistari ya pembe pembe juu ya muungano, kulia na kushoto sawasawa, kutoka kwapa mpaka kiuno. Alipomaliza ilikuwa alasiri. Mikono ikiwa chini huoni kitu. Ikiinuka, ubavu unafunguka, na ndani yake kuna kazi ya mkono ambayo dada zake wawili hawakuwa nayo.

Jirani alijitazama kwenye kioo cha fundi, ambacho kina ufa, akainua mkono mmoja, akaushusha. Akauinua mwingine.

"Watasema niliagiza," akasema.

Akavaa nguo zake, akakaa, akatoa simu. Fundi alikuwa anaokota vipande vya uzi sakafuni. Mimi nilikuwa nimetoa ahadi kwamba sitamzuia, kwa hiyo nikainama nami kuokota uzi. Aliandika muda mrefu, anafuta, anaandika. Kisha akanipa nimsomee fundi kwa Kiswahili.

Nyota tatu. Na maneno haya: "Nilikaa hapa siku nzima. Usimpelekee kitambaa kipya, kukata hakati, na safari ya kwanza alikosea. Mpelekee nguo unayoipenda iliyoharibika."

Fundi alikaa chini. "Soma tena hiyo ya mwisho."

Nikaisoma tena.

"Na hizo tatu ni kati ya ngapi?"

"Tano."

"Shuleni kwako, mtoto akipata tatu kwa tano anavuka?"

"Anavuka, mama."

"Basi." Akamtazama jirani, na jirani akatazama pembeni, akijifanya anatafuta kitu mkobani. "Basi hiyo ni yangu. Hiyo nikiambiwa na mtu barazani, naweza kuikubali."

Nami nikaitoa simu yangu, nikayafuta yale yangu yote, bora kabisa, mwaminifu, kila kitu, nendeni bila wasiwasi. Ni ajabu jinsi maneno yanavyokuwa mepesi kufutwa na yameshafanya kazi yake. Kisha nikakaa na ule uwanja mtupu. Nilijiuliza kama nina haki ya kuandika chochote. Nilifikiri pengine aliyepita robo saa anyamaze, awaachie waliokaa. Lakini pia nilimfikiria mtu aliyesimama pale juu barabarani, nguo imechanika, kikao kinamngoja, hajui aende wapi. Huyo anahitaji kidogo nilichokiona, mradi nimwambie ni kidogo. Nikaandika, nikasoma kwa sauti:

"Nilikuwa hapa robo saa. Pindo lililofumuka lilishonwa nikisubiri, na nilipokewa kwa heshima. Mengine siyajui."

"Nyota ngapi?" jirani akauliza, akichungulia.

"Sijajua bado."

Fundi aliikunja blauzi ya zambarau, akaitia kwenye ule mfuko, akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili. Kulikuwa na mwanamume amesimama ngazini na koti lililochanika bega, hajui aingie au asiingie kwa wingi wetu. Fundi akamwashiria aje. Kisha akayasogeza makorokoro yote yaliyokuwa kwenye ncha ya pili ya benchi, chaki, futi, kopo la vifungo, akapapasa ubao ule kwa kiganja.

"Mengine huyajui," akaniambia. "Kaa, basi. Leo una haraka gani?"